Kidonda cha sungura, simbilisi au panya hakiponi kwa sababu anajikuna: fanya hivi

Msikilizaji wetu mmoja kutoka Kumsenga alitupigia simu jioni moja, kipindi kikiwa kinakaribia kwisha. Alisema mtoto wake wa darasa la tano anafuga sungura, na dume lake lina kidonda nyuma ya sikio. Wamepaka dawa wiki tatu. Asubuhi kidonda kinakuwa kimekauka, jioni kina damu tena. "Mtangazaji," akauliza, "nimchinje tu, au kuna namna?" Kwa nyuma tulisikia sauti ya mtoto, na hakuwa amefurahishwa na swali la baba yake.

Tangu siku hiyo tumepata maswali mengine ya aina hiyo, ya sungura, ya simbilisi (wale wanyama wadogo wasio na mkia), na hata ya panya weupe wanaofugwa kwenye boksi. Hewani muda hautoshi, kwa hiyo tumeandika maelezo haya ili uyasome taratibu na kuyahifadhi kwenye simu yako.

Jambo kuu ni hili: kidonda cha mnyama anayejikuna hakiponi kwa dawa ya kidonda peke yake. Kinapona pale kinachomwasha kinapoondolewa. Ukipaka dawa juu ya kidonda na kumwacha na muwasho wake, kucha za miguu ya nyuma zitabomoa usiku kila ulichojenga mchana.

Kwanza tafuta kinachomwasha

Mwite mtu wa pili akusaidie. Mfunge mnyama kwa kitenge au taulo, kichwa kikibaki nje. Sungura usimnyanyue kwa masikio. Mkamate kwa kumshika kifuani na kumbeba matako, kwa sababu akipiga teke mwili ukiwa unaning'inia anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Washa tochi ya simu, kisha angalia kidonda kiko wapi. Mahali kilipo hueleza mengi.

- Ndani ya sikio au nyuma yake, na mnyama anatikisa kichwa. Mulika ndani ya sikio. Ukiona uchafu wa kahawia uliojipanga tabaka kwa tabaka kama pumba zilizoloa zikakauka, huo ni utitiri wa masikio. Kwa sungura hii ni sababu ya kawaida sana. Kidonda unachokiona nje kinatokana na kucha tu, ugonjwa wenyewe uko ndani.
- Puani, midomoni, kingo za masikio na vidoleni, pana ukoko mweupe mgumu. Huu ni upele unaoletwa na utitiri unaochimba ndani ya ngozi.
- Shingoni na mgongoni, pana mba. Mchane juu ya karatasi nyeupe. Mba ikionekana kutembea, ni utitiri wa kwenye manyoya. Vidoa vyeusi vinavyogeuka vyekundu ukivilowesha maji ni kinyesi cha viroboto. Angalia pia chawa.
- Mgongoni, matakoni au sehemu za siri, pana alama za meno. Hapo wanaumana. Madume ya sungura huanza kupigana wakikaribia kubalehe, kuanzia miezi mitatu au minne.
- Nyayo na visigino vya nyuma. Lawama ni za sakafu: waya mtupu, mbao zenye ncha au mkojo uliokaa.
- Duara lisilo na manyoya, lenye magamba. Huenda ni fangasi, ndugu wa mapunye ya watoto. Huhamia kwa watu, kwa hiyo mshike ukiwa umevaa mifuko mikononi.
- Uvimbe mgumu chini ya ngozi. Huenda ni jipu. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno na hautoki kwa kukamuliwa. Usiukamue, mwite mtaalamu.

Iwapo huoni chochote kati ya hivyo, kumbuka kuwa kidonda kinachopona nacho huwasha. Sisi wenyewe tunajua jinsi kigaga kinavyosumbua siku ya nne au ya tano. Mnyama hawezi kuambiwa "vumilia", kwa hiyo kazi ya kumkinga ni yako.

Safisha kwa vitu vilivyopo nyumbani

Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nusu lita ya maji itie kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa. Chovya kitambaa safi, kiweke juu ya kidonda dakika mbili tatu ili ukoko ulainike, halafu futa taratibu kutoka katikati kwenda nje. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Fanya hivyo mara mbili kwa siku.

Kama una iodini ya vidonda, izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Ikiwa kali inachoma nyama changa inayoota.

Kwa ukoko wa ndani ya sikio, usibandue. Chini yake kuna ngozi mbichi, na maumivu yake ni makubwa. Utitiri ukishakufa kwa dawa, ukoko hulegea na kudondoka wenyewe ndani ya wiki moja mbili.

Wengi wametuuliza kuhusu asali, na sisi wa Kibondo na Kasulu asali hatukuikosa. Asali safi isiyochanganywa na sukari inasaidia kidonda: inavuta majimaji na kuzuia vijidudu. Mnyama akiilamba kidogo haimdhuru. Lakini paka tabaka jembamba, kifunike kidonda kwa kitambaa, na badilisha kila siku. Asali iliyoachwa wazi huita sisimizi na nzi, na hapo utakuwa umemwongezea mateso.

Mzuie asijikune, bila kumtesa

*Kata kucha za miguu ya nyuma.* Hii ndiyo hatua inayosahaulika kuliko zote, na haina gharama. Sungura ana kucha nne kwenye kila mguu wa nyuma, simbilisi ana tatu, panya ana tano. Mulika kucha kwa tochi ya simu: utaona mstari mwekundu ndani yake. Hapo pana damu na maumivu. Kata ncha tu, mbele ya mstari huo, kwa mkasi wa kucha, kisha lainisha kwa tupa ya kucha. Kucha ikiwa nyeusi na mstari hauonekani, kata kidogo sana. Ikitoka damu, bonyeza unga mkavu wa ngano au wa muhogo kwa dakika chache.

*Mvalishe soksi.* Kwa kidonda cha shingoni au begani, soksi ya mtoto inakuwa fulana nzuri ya simbilisi au panya. Kata ncha ya soksi pawe pa kutokea kichwa, toboa matundu mawili ya miguu ya mbele, basi. Iwe ya kubana kidogo, lakini kidole chako kiweze kupita chini yake. Kwa sungura, unaweza kufunika miguu ya nyuma kwa vipande vya soksi vilivyofungwa kwa plasta bila kukaza. Kagua asubuhi na jioni. Mguu ukivimba au ukiwa wa baridi, fungua mara moja.

*Kola ya shingoni* ile ya kama faneli, inayovalishwa mbwa, iwe chaguo la mwisho. Sungura na simbilisi hula kinyesi chao laini moja kwa moja kutoka nyuma. Si uchafu, ndivyo wanavyopata vitamini zao. Kola inawazuia kula hicho, na wengine hususa hata majani. Sungura asiyekula kwa nusu siku tumbo lake huanza kusimama, na hiyo ni hatari kuliko kidonda.

Vitu vinavyoua au kuchelewesha kupona

Hapa tuna deni kwenu. Siku za nyuma tulisoma hewani ujumbe uliosifu oili chafu ya gari kwa upele wa sungura, tukaendelea na kipindi bila kusahihisha. Tulikosea. Oili chafu na mafuta ya taa huunguza ngozi, na mnyama anayejilamba huvimeza. Tafadhali usitumie.

Vingine vya kuepuka:

- Vidonge vya binadamu vya amoksilini, ampisilini au penisilini kupitia mdomoni. Vinaua bakteria wema wa tumboni mwa sungura na simbilisi. Mnyama huharisha na kufa ndani ya siku chache, na mwenyewe akadhani kidonda ndicho kilichoua. Penisilini ya sindano kwa sungura ni jambo jingine, ila aamue mtaalamu.
- Dawa ya viroboto yenye fipronili, inayouzwa kwa mbwa na paka. Imeshaua sungura.
- Maji ya tumbaku na dawa ya kuogesha ng'ombe. Mnyama wa kilo mbili si ng'ombe mdogo. Sumu inayomtosha kupe wa ng'ombe humlaza sungura.
- Krimu za kuwasha zenye steroidi. Hutuliza siku mbili, kisha huchelewesha kidonda kufunga. Angalia jina linaloishia na "-sone" kwenye boksi.
- Spiriti na maji ya betri. Huchoma. Hakuna zaidi ya hapo.

Dawa ya utitiri: kwa nini mwite bwana mifugo

Dawa inayotumika sana kwa utitiri wa sungura ni ivermektini, ileile inayochomwa ng'ombe na mbuzi. Inafanya kazi vizuri. Shida ni kipimo.

Chupa ya ng'ombe ina miligramu 10 kwenye kila mililita moja. Kipimo cha kawaida cha sungura ni miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo ya uzito. Sungura wa kilo mbili, kwa kipimo cha chini, anahitaji mililita 0.04 tu. Kwenye bomba dogo la sindano ya insulini lenye alama 100, hizo ni alama nne. Anayevuta "nusu mililita" kwa macho amempa zaidi ya mara kumi.

Kwa panya mweupe wa gramu 300 hesabu inashuka mpaka mililita 0.006. Hakuna bomba la dukani linaloweza kupima hivyo. Ni lazima dawa izimuliwe kwanza, na kazi hiyo ni ya mtaalamu.

Mengine matatu ya kukumbuka:

1. Sindano moja haitoshi. Dawa inaua utitiri mkubwa lakini haiui mayai. Mayai yanaanguliwa baadaye, ndiyo maana hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, na mara nyingine mara ya tatu. Wengi huacha baada ya ya kwanza kwa sababu mnyama ametulia. Wiki tatu baadaye wanarudi palepale.
2. Watibiwe wote wa banda hilo, hata wasiojikuna. Mmoja akiachwa, anawaambukiza wenzake upya.
3. Usichinje wala kuuza nyama mpaka muda wa dawa kutoka mwilini upite. Muulize bwana mifugo. Jiandae kusubiri mwezi mmoja au zaidi. Mwambie pia kama jike lina mimba au linanyonyesha.

Banda nalo linaumwa

Utitiri wa masikio unaweza kuishi nje ya mnyama kwa siku kadhaa, na pakiwa na ubaridi na unyevu hata wiki mbili tatu. Hali hiyo tunayo huku kwetu mlimani msimu wa mvua. Ukimtibu mnyama na kumrudisha kwenye nyasi zilezile, hujamaliza.

Siku ya sindano, toa matandiko yote uyachome moto. Sugua mbao kwa maji ya moto na sabuni, kisha lianike banda juani mchana kutwa. Rudia siku ya sindano ya pili. Baada ya hapo badilisha nyasi kila baada ya siku mbili. Harufu ya mkojo ikikuchoma macho wewe uliyesimama, yeye aliyelala ndani yake anaumia zaidi.

Wanaoumana watenganishwe. Simbilisi na panya hawapendi kuishi peke yao, kwa hiyo weka waya katikati ili waonane na kunusana bila kung'atana.

Simbilisi na mapera

Simbilisi ana jambo lake la pekee. Sungura na panya hutengeneza vitamini C mwilini, lakini simbilisi, kama binadamu, hawezi. Akiikosa, ngozi yake inakuwa dhaifu na kidonda hakifungi hata ukisafishe namna gani. Mpe kila siku kitu kibichi chenye vitamini hiyo: kipande cha pera, pilipili hoho, au majani ya kabichi kwa kiasi. Mapera kwa msimu wake yanaoza chini ya miti yetu. Hii ni dawa ya bure.

Na panya je?

Kuna wanaocheka tukisema panya ana haki ya kutibiwa kidonda. Tuwakumbushe Morogoro. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2000, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alifanya kazi Kambodia na kugundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, PDSA. Alikufa Januari 2022.

Panya hao hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani kabla ya kazi za nje, kwa sababu ngozi ya sehemu hizo haina manyoya na huungua. Watu wanaomtegemea panya kuokoa maisha wanaijali ngozi yake kabla haijawa kidonda.

Kwa panya mweupe wa nyumbani, hatua ni zilezile: tafuta utitiri, kata kucha za nyuma, safisha, vua matandiko machafu, mvalishe soksi. Vumbi la mbao mbichi zenye harufu kali huwasha ngozi na pua, mwekee karatasi zilizochanwa. Ila panya wa porini au wa darini usimkamate kumfanya rafiki. Hao hubeba magonjwa, ikiwemo tauni, ambayo nchi yetu imewahi kuipata.

Nanyi wa nyumbani

Upele wa mnyama unaweza kuwawasha watu mikononi na tumboni, hasa mtoto anayembeba. Kwa kawaida huisha mnyama akipona. Lakini muwasho ukizidi usiku, ukiwa katikati ya vidole, na watu zaidi ya mmoja nyumbani wanajikuna, huo huenda ni upele wa binadamu. Nendeni zahanati, na mtibiwe wote siku moja. Msijichome wala kunywa dawa ya ng'ombe.

Usisubiri kesho kama

- kuna mabuu ya nzi kwenye kidonda;
- hajala kwa nusu siku, au anaharisha;
- kichwa kimepinda upande mmoja na anaanguka, kwani utitiri wa sikio umefungulia njia maambukizi ya ndani;
- kidonda kinanuka, kinatoa usaha au kinaonyesha mfupa.

Ukimpigia bwana mifugo wa kata, uwe na majibu tayari: mnyama ana kilo ngapi, kidonda kimeanza lini, umepaka nini, wako wangapi bandani. Uzito pima kwa mizani ya dukani: mtie kwenye ndoo, kisha toa uzito wa ndoo. Piga picha ya kidonda kila baada ya siku tatu, ukiweka sarafu ya shilingi mia pembeni. Macho husahau, lakini picha itakuonyesha kama kinapungua. Kidonda kidogo kilichotunzwa huanza kusinyaa ndani ya siku nne tano, na hufunga ndani ya wiki mbili hivi.

Yule baba wa Kumsenga alimulika sikio la sungura usiku uleule, akatutumia picha. Ukoko ulikuwa umejaa mpaka mdomoni mwa sikio. Wiki tatu zote walikuwa wanatibu nje. Bwana mifugo alifika, akachoma sungura wote watano, akarudi baada ya siku 12. Sindano ya pili ilipopita, kidonda kilikuwa kimebaki alama isiyo na manyoya.

Safari hii aliyetupigia simu alikuwa mtoto mwenyewe. Hakuwa na swali. Alitaka tu tutangaze kwamba sungura wake hachinjwi.